Kuangalia sizoni ya mizuka kwa kikundi na kuijadili: mwongozo kwa watu wa Moshi

Moshi tunaangalia sizoni sana. Mtu anawekewa kwenye flashi pale mjini, anafika nyumbani, anamaliza episodi nne kabla ya kulala, na kesho yake kijiweni mazungumzo ni "umefika ya ngapi?" Basi. Kwa sizoni za ngumi na bunduki hilo halinisumbui. Zinazonisumbua zikiangaliwa hivyo ni sizoni za mizuka, mapepo na malaika, maana waandishi wake huficha vitu makusudi, na vitu vyenyewe ni vigumu kuonekana na mtu mmoja aliyechoka saa sita ya usiku. Watu wakikaa pamoja, mmoja akaona hiki na mwingine akaona kile, wakabishana, ndipo episodi inafunguka.

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo, watu watano hadi kumi, sebuleni kwa mtu. Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho: "Mystery Spot", episodi ya 11 ya sizoni ya tatu ya Supernatural, tamthilia ya Kimarekani ya wawinda mizuka, iliyorushwa Marekani tarehe 14 Februari 2008. Nitaisimulia yote, pamoja na siri inayokuja kufichuka sizoni mbili mbele. Kama hujaiona na hutaki kuharibiwa utamu, iangalie kwanza ndipo urudi hapa.

Hatua ya kwanza: chagueni episodi moja

Supernatural ina sizoni 15, kuanzia 2005 hadi 2020, na jumla ya episodi 327. Kikundi kikisema "tujadili Supernatural" kitaishia kusimuliana tu. Semeni "tujadili episodi hii", tena muitangaze wiki moja kabla.

Iwe na sifa mbili. Kwanza, mgeni aweze kuifuata baada ya kupewa maelezo ya dakika mbili. Pili, iwe imeacha jambo ambalo watu wenye akili zao wanaweza kulielewa tofauti. Ile ambayo mzuka anatokea, anachomwa, watu wanakwenda zao, inaburudisha lakini mtakosa la kuzungumza baada ya robo saa.

Maelezo ya dakika mbili kwa mgeni, kwa mfano wetu, ni haya. Sam na Dean Winchester ni ndugu wawili wanaozunguka Marekani na gari lao, Chevrolet Impala ya 1967, wakiwinda mizuka na mapepo, kazi waliyorithi kwa baba yao. Mwisho wa sizoni ya pili Sam, ambaye ndiye mdogo, aliuawa. Dean akaenda njia panda, akauza roho yake kwa pepo ili mdogo wake arudishwe, akapewa mwaka mmoja wa kuishi. Sizoni ya tatu yote ni mwaka huo unavyokwisha, na Sam anavyohangaika kumwokoa kaka yake.

Katika "Mystery Spot" wanafika Florida kumtafuta profesa aliyepotea. Siku ni Jumanne. Dean anapigwa risasi, anakufa. Sam anaamka na kukuta ni Jumanne ileile, redio inapiga wimbo uleule, "Heat of the Moment" wa bendi ya Asia, na Dean yuko hai, anajiandaa kutoka. Siku inajirudia, na kila ikijirudia Dean anakufa kwa namna nyingine. Anayefanya mchezo huo ni Trickster, kiumbe mwenye nguvu za ajabu anayewaadhibu wenye majivuno kwa mizaha ya kikatili. Ndugu hawa walishakutana naye sizoni ya pili wakadhani wamemuua. Sam anamgundua, anambana, Jumatano inafika. Na Jumatano hiyohiyo Dean anapigwa risasi tena, ila safari hii siku haijirudii.

Hatua ya pili: sebule, umeme, sauti

Jumapili saa tisa alasiri inafaa kuliko usiku. Watu wametoka ibadani, wameshakula, na wanaotoka Kibosho au Marangu watawahi daladala kabla giza halijaingia. Laptop iwe imechajiwa hadi mwisho hata kama umeme upo. Sauti ni muhimu kuliko ukubwa wa skrini: sizoni hizi zinasimulia mengi kwa sauti, na kipindi cha masika mvua ikipiga kwenye mabati hutasikia neno. Tafuteni sabufa ya kuazima.

Bisi na karanga wakati wa kuangalia. Machalari yaje baadaye, kwa sababu sahani ikishaingia mkononi macho yanahama.

Na msitoze kiingilio. Watu kukutana nyumbani kwa rafiki ni jambo moja. Mkianza kukusanya hela mlangoni mmefungua banda umiza, na maonyesho ya hadhara yana sheria yake toka 1976 na vibali vya Bodi ya Filamu. Mkitaka kuchangia karanga, changieni karanga.

Hatua ya tatu: amueni lugha mapema

Wengi wetu tumekulia kwenye muvi zilizotafsiriwa, ambamo msimulizi anakaa juu ya picha na kutuhadithia. Ni sanaa, na mabingwa wake kama Lufufu wa Dar es Salaam walistahili sifa zote walizopata. Kwa kazi hii, hata hivyo, toleo la kusimuliwa halifai, kwa sababu msimulizi ameshatafsiri kabla yenu. Atawaambia yule ni mbaya, huyu anadanganya, pale anaogopa. Anaongeza utani wake mahali ambapo muvi yenyewe imenyamaza, na ukimya ule ndio mliotakiwa kuujadili.

Angalieni la asili lenye maandishi ya chini. Kama kuna asiyefuata Kiingereza vizuri, na karibu kila kikundi kinaye, msimwache anakisia. Mpeni mkalimani mmoja, akae pembeni yake, na mkubaliane kusimamisha mara nne au tano mkalimani aeleze. Sharti ni kwamba aeleze kilichosemwa, asiongeze anavyodhani. Nimeona mara nyingi kwamba asiyefuata Kiingereza ndiye anayeona zaidi nyuso na vitu vya mezani, kwa sababu masikio yake yamepumzika. Mkikusanya mliyoyaona, mwanzeni huyo kusema.

Hatua ya nne: mara ya kwanza kimya, mara ya pili na daftari

Episodi ina kama dakika 40 hivi. Angalieni mara mbili. Najua watu watalalamika, lakini bila mara ya pili mtajadili kumbukumbu zenu tu.

Mara ya kwanza hakuna kusimamisha ila kwa mkalimani, na hakuna kuandika. Cheka, shtuka, funika macho. Simu ziwe kwenye kapu. Aliyekwisha kuiona zamani awe na adabu ya kunyamaza. Yule anayesema "subiri sasa, subiri uone" anawanyang'anya wenzake kitu ambacho hakiwezi kurudishwa.

Mara ya pili kila mtu na daftari, au wawili wawili. Mistari mitatu tu: dakika, nilichoona au nilichosikia, na swali. Msiandike maana bado.

Nieleze kwa nini nasisitiza hili kwa kutumia jambo dogo ndani ya "Mystery Spot". Kila Jumanne asubuhi ndugu hawa wanakula kwenye mgahawa uleule. Wateja ni walewale, maneno ni yaleyale, mhudumu anamwaga kitu kilekile. Kwenye kaunta kuna mwanamume amekaa na sahani yake ya chapati za maji, na kila Jumanne sahani ile ina sirapu ya mepo, ile ya rangi ya kahawia. Hakuna anayemtazama. Kamera haimng'ang'anii. Halafu asubuhi moja, katikati ya Jumanne zote zile, sirapu imebadilika, ni ya stroberi.

Sam anaona. Amekuwa ndani ya siku hiyohiyo mara nyingi kiasi kwamba anakijua kila kijiko. Katika siku ambayo hakuna anayeweza kubadili chochote isipokuwa Sam mwenyewe na yule anayeiendesha, mtu aliyebadili sirapu lazima awe ndiye mwenye mchezo. Ndivyo anavyomkamata Trickster.

Tazameni waandishi walichofanya hapo. Wameweka ushahidi mezani mbele yetu, ndani ya picha, tangu asubuhi ya kwanza, na wametupa vifo vya Dean vya kuchekesha ili tusiuangalie. Dawati linaangushwa kutoka juu linampata. Anapaliwa soseji. Anateleza bafuni. Sisi tunacheka, na mtu wa kaunta anakula zake taratibu. Kwenye daftari la mtu makini mtakuta "mgahawa, mwanamume wa kaunta, sirapu kahawia", bila maelezo, na mistari mitano chini yake "sirapu nyekundu??" Mtu huyo kashaelewa episodi kabla hajajua kwamba kaelewa.

Hatua ya tano: mzunguko wa kwanza ni wa kilichoonekana tu

Chagueni msimamizi. Asiwe anayeijua sizoni kuliko wote, huyo atageuka mwalimu. Awe mtu mwenye uvumilivu na sauti ya kutosha kusema "ngoja, mwache amalize".

Kila mtu anasoma mambo mawili kutoka daftarini. Mtu akisema "Sam alikuwa ameshakata tamaa", msimamizi anauliza: uliona wapi? Ajibu kwa tukio. "Ile asubuhi anayataja maneno ya Dean kabla Dean hajayasema, na hacheki." Sawa, hilo linaingia. Mtu akisema "nilihisi tu", liwekwe pembeni hadi baadaye. Wazee wanapenda utaratibu huu, nao ndio wanaoufuata vizuri, labda kwa sababu wamekaa kwenye vikao vya ukoo vingi na wanajua maneno yasiyo na shahidi yanavyochelewesha watu.

Mkibishana juu ya tukio, rudisheni nyuma, tazameni. Msipige kura juu ya jambo linaloweza kuangaliwa.

Hatua ya sita: jueni kanuni za dunia ile

Kila sizoni ya mizuka ina sheria zake, na tafsiri inayovunja sheria hizo haisimami hata ikiwa tamu. Katika Supernatural mzuka ni mtu aliyekufa akabaki. Anazuiwa na chumvi na chuma, na anamalizwa kwa mifupa yake kutiwa chumvi na kuchomwa moto. Pepo huingia mwilini mwa mtu kama moshi mweusi, macho yanakuwa meusi, na huondolewa kwa maneno ya Kilatini. Malaika hawaonekani kabisa hadi sizoni ya nne, Septemba 2008. Trickster yeye hazuiwi na chumvi. Anawindwa kwa kijiti cha mti kilichochovywa damu.

Andikeni kanuni hizi kwenye karatasi moja, muibandike ukutani. Inafupisha ubishi. Atakayesema "kwa nini Sam hakumwaga chumvi mlangoni?" ataonyeshwa karatasi.

Hatua ya saba: sasa tafsirini

Hapa ndipo muda mwingi uende, saa nzima ikiwezekana. Njia ninayoipenda ni kuweka mezani maelezo mawili au matatu yanayogombana, kila moja na watetezi wake, na kila mtetezi alete tukio.

Kwa episodi yetu, la kwanza ni kwamba Trickster anamfundisha Sam. Mwaka wa Dean unakwisha, Sam hataki kukubali, naye analazimishwa kukiona kifo cha kaka yake hadi akubali kwamba hana uwezo wa kukizuia. Ushahidi upo: mwishoni Trickster mwenyewe anamwambia kwamba Dean ndiye udhaifu wake na kwamba maadui wanalijua hilo. Kisha anamrudisha Jumatano asubuhi na Dean yuko hai. Mtesaji wa kawaida asingerudisha.

La pili ni kwamba hakuna fundisho lolote, ni ukatili uliovikwa hekima. Watetezi wa hili wana hoja nzito. Profesa aliyepotea alitupwa kwenye shimo kwa sababu tu alikuwa mtu wa kukanusha miujiza. Vifo vya Dean vinapangwa vichekeshe, na anayecheka ni mmoja. Mtu anayekuonyesha maiti ya ndugu yako asubuhi hadi asubuhi halafu akasema "nilikuwa nakufundisha", je, tumwamini?

La tatu ndilo ninalosimama nalo. Episodi hii inamhusu Sam na atakavyokuwa siku Dean akiondoka kweli. Tazameni sehemu ya baada ya Jumatano, ile miezi ambayo siku haijirudii. Anatandika kitanda kikanyooka. Silaha zimepangwa kwenye buti la gari kwa mstari. Anajitibu jeraha mwenyewe bila kukunja uso. Bobby, mzee aliyewalea kwa namna fulani, anapiga simu, anaacha ujumbe, Sam hajibu. Haongei karibu kabisa. Vicheko vyote vya nusu ya kwanza vimekauka na muziki umeondoka. Hakuna mzuka hata mmoja katika dakika hizo, nazo ndizo zinazotisha kuliko zote.

Halafu linakuja tukio ambalo kila kikundi kinagawanyika. Bobby anamwambia kuna ibada ya kumwita Trickster, lakini inahitaji damu nyingi ya mtu. Sam hasiti: tukamtafute mtu. Bobby anashtuka, na mwishowe anajitoa yeye mwenyewe, anageuka, anasema afanye haraka. Sam anatamka kwamba huyu si Bobby na anamchoma na kijiti mgongoni. Mwili unaanguka. Na kwa muda, haubadiliki.

Simamisheni hapo. Mtazameni Sam uso wake. Anaanza kumwita Bobby, mara moja, mara ya pili, sauti inapanda. Kisha mwili unatoweka na Trickster anatokea.

Waulizeni watu: je, Sam alikuwa na uhakika? Kama alijua, kwa nini anaita vile? Kama hakujua, basi alikuwa tayari kumuua mzee wake kwa kubahatisha, na Trickster ameshinda hoja yake yote. Kuna dada muuguzi anayekuja kwenye kikundi chetu ambaye alisema jambo lililotulia kichwani mwangu: kwamba mtu aliyefiwa anaweza kufanya jambo kwa uhakika wa asilimia mia na mkono ukishamaliza, uhakika unaondoka palepale. Hakunukuu kitabu. Kazi yake inampeleka karibu na waliofiwa kila siku, na aliusoma uso ule kwa macho hayo.

Msilazimishe jibu moja. Mmoja wenu awe mshika daftari la kikundi, aandike nani anasimama wapi na kwa tukio gani.

Hatua ya nane: ya kwetu yaingie, kwa zamu yake

Kuna wanaosema tukijadili sizoni ya Kimarekani tuache mambo ya nyumbani nje. Mimi nakataa. Mtu wa Old Moshi anayeona mstari wa chumvi kizingitini atakumbuka masale, yale majani ya mila ya Wachaga, na ni haki yake. Ninachoomba ni kwamba kumbukumbu hiyo ije baada ya kilichoonekana, isije kabla yake ikakifunika.

Ikija kwa wakati wake inazaa. Chukueni hayo masale. Yamepandwa mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani, yapo kwenye makaburi ya wazee wetu, na mtu akikujia ameshika jani lake kuomba msamaha, mila inakutaka usimkatalie. Chumvi ya akina Winchester nayo inaweka mpaka. Lakini chumvi inamzuia mfu asiingie, inamfanya adui. Masale yanasema na walio hai na waliokwenda kwa pamoja, yanapatanisha. Mkishaiona tofauti hiyo mtagundua jambo kuhusu Supernatural yenyewe: ndani yake mfu karibu hana njia ya kubaki kwa amani na jamaa zake. Kumpenda ni kumchoma mifupa. Kwa watu tunaozika nyumbani, kihambani, na kupita kando ya kaburi la babu tukienda kukata majani ya ng'ombe, hilo ni la kushangaza, na linaeleza kwa nini Sam hana pa kuiweka huzuni yake ila kwenye kulipiza.

Trickster naye. Wengi watamtaja Sungura. Ulinganisho unafika nusu ya njia. Sungura wa hadithi zetu ni mdogo, anamshinda Fisi na Simba kwa akili kwa sababu hana nguvu. Trickster ana nguvu kupita wote na anawachezea wasio nazo. Abunuwasi anamkaribia kidogo zaidi, kwa kuwa naye anawaumbua wenye majivuno, ila Abunuwasi haui. Mkilinganisha, semeni pia mahali ulinganisho unapokatika. Hapo ndipo penye faida.

Kuhusu dini, muwe waungwana. Ndani ya sebule moja ya Moshi mtakuwa na Mlutheri, Mkatoliki, Mwislamu na mlokole, na huenda mmoja wao anaamini mapepo yapo kweli na ameshaona mtu akiombewa. Asichekwe. Wala asigeuze kikao kuwa mkutano wa injili. Msimamizi aseme mwanzoni kabisa: tunaongea malaika na mapepo wa sizoni hii, imani ya mtu inabaki yake. Watoto wadogo waende kucheza kwa jirani. "Mystery Spot" ina vifo vingi, na mtoto hatofautishi kifo cha utani na kifo.

Jambo moja zaidi, nalo nalishika sana. Kabla ya kuchagua episodi inayohusu kifo, mwenyeji aulize kimyakimya kama kuna aliyetoka kuzika. Kama yupo, chagueni nyingine, au mwambieni mapema ili aamue mwenyewe. Episodi hii ni kaka anayekufa tena na tena. Kuna watu ambao kwao hiyo siyo hadithi, na sebuleni mbele ya watu siyo mahali pa kugundua hilo.

Hatua ya tisa: mwenye siri aseme

Sasa aliyenyamaza tangu mwanzo apewe nafasi. Ndani ya "Changing Channels", episodi ya 8 ya sizoni ya tano, iliyorushwa 5 Novemba 2009, inajulikana kwamba Trickster ni Gabrieli, malaika mkuu, aliyetoroka mbinguni kwa sababu hakuweza kuvumilia kuwaona ndugu zake wakipigana.

Mpeni kila mtu dakika moja ya kukaa na habari hiyo, halafu rudini kwenye maelezo yale matatu. Aliyekuwa anamwambia Sam kuhusu udhaifu wa kumpenda kaka kupita kiasi ni mtu aliyewakimbia ndugu zake mwenyewe. Je, ule ulikuwa ukatili, au ni mtu anayempa mwenzake dawa aliyoinywa yeye na haikumponya? Watetezi wa "ni mtesaji tu" huwa wanaanza kulegea hapa, na watetezi wa "ni mwalimu" nao wanapata tabu, kwa sababu mwalimu mwenyewe amefeli somo lake.

Lakini tenganisheni mambo mawili. Moja ni jinsi episodi inavyosomeka leo, tukijua yote. Lingine ni jinsi ilivyosomeka Februari 2008, mtazamaji akiwa hana habari ya Gabrieli. Yote mawili ni halali, ila mtu asitumie la 2009 kumnyamazisha aliyesema vizuri kwa ushahidi wa 2008.

Habari za utengenezaji pia zina nafasi hapa, ndogo. Episodi iliongozwa na Kim Manners, na mwandishi ni Jeremy Carver, ambaye miaka ya baadaye alikuja kuwa msimamizi mkuu wa Supernatural. Ilirushwa siku mbili tu baada ya mgomo wa waandishi wa Hollywood kumalizika, mgomo ulioifanya sizoni ya tatu iishie kwenye episodi 16. Mtu akisema "walifanya hivi kwa sababu ya mgomo", msikilizeni, kisha mrudisheni kwenye picha. Mgomo unaeleza kwa nini sizoni ni fupi. Haumwelezi Sam anapoita jina la Bobby.

Hatua ya kumi: daftari la kikundi

Kabla watu hawajavaa viatu, mshika daftari asome alichoandika: maelezo yaliyobaki yamesimama, nani alibadili mawazo na kwa tukio gani, na maswali yaliyobaki wazi. Karatasi moja inatosha. Msisahau tarehe. Daftari hili linapata thamani miezi ikipita, mnapofika mwisho wa sizoni ya tatu na kumwona Dean akienda kuzimu kweli, Sam akiwa amesimama palepale hana la kufanya. Mfungue mliyoyasema kuhusu "Mystery Spot", muone ni nani aliyekuwa amelisoma hilo mapema.

Mkiwa na kikundi cha kudumu, kila wiki mbili panatosha. Kila wiki watu wanachoka. Desemba jamaa wakishapanda kutoka Dar mtajikuta ishirini sebuleni, nusu yao hawajawahi kuona hata episodi moja. Msianzishe jambo zito kipindi hicho. Wawekeeni ile ambayo Trickster anatokea mara ya kwanza, "Tall Tales", episodi ya 15 ya sizoni ya pili, ambamo ndugu wawili wanasimulia kisa kilekile kila mmoja akijipendelea. Inaeleweka na kila mtu, na ubishi wa nani kasema kweli utaanza wenyewe kabla chai haijamiminwa.

Kwa kikao kinachofuata baada ya "Mystery Spot", pangeni "Changing Channels" yenyewe, aliyekuwa msimamizi achukue daftari, na aliyeleta sabufa akumbushwe Ijumaa.